Yatalala, Usiyamwagie Maji

Kitu cha kwanza alichokiona Tabea kilikuwa ncha ya jani. Haikuzidi ukucha wa kidole cha mwisho, na ilikuwa imegeuka manjano, kana kwamba mtu amepita asubuhi hiyo na kijinga cha moto, akaigusa tu na kwenda zake. Aliipangusa kwa kidole chenye mate, akidhani ni vumbi. Haikutoka.

Bibi Hanna alikuwa ameondoka siku tisa tu zilizopita.

Maua yalikuwa matatu, kila moja katika debe lake la mafuta ya taa lililokatwa nusu na kutobolewa chini kwa msumari. Bibi Hanna, mke wa mchungaji Mjerumani wa misheni ya huku juu ya Akheri, aliyaita orkidi. Aliyachimba mwenyewe mbugani kule chini, mlowezi alipokuwa bado hajaleta plau yake, akachukua na vikapu viwili vya udongo wa pale pale, kwa sababu alisema ua hili halikubali udongo wa kuazima. Lilipochanua lilisimama kwa shina moja, limejaa viua vya rangi ya waridi tangu katikati hadi juu, na kila kiua kilikuwa na vipembe viwili kwa nyuma, kama mbuzi mchanga. Sasa mbuga ile ilikuwa shamba la mahindi. Kama kulikuwa na mengine mahali, Bibi hakuyajua.

Siku ya kuondoka kwenda pwani kwa daktari, wapagazi wakiwa wamekwisha kujitwika, Bibi alimwita Tabea barazani.

"Yatalala, Tabea. Yakilala, usiyamwagie maji. Umesikia?"

"Ndiyo, Bibi."

"Nitarudi Desemba. Nikiyakuta, utarudi darasani. Umri si kitu. Msichana anayetazama vitu kama wewe haifai aishie darasa la pili."

Tabea alisikia kila neno, lakini lile la kwanza ndilo lililomkaa kooni. Hakuuliza. Tabea hakuwa mtu wa kuuliza. Akitumwa chumvi, alikuwa radhi kwenda na kurudi mara mbili kuliko kuuliza wanataka ya mawe au ya kusaga.

Mama yake alipozikwa, yeye akiwa na miaka saba, mwalimu wa misheni alisimama juu ya udongo mbichi akasema, "Huyu hakufa. Amelala." Tangu hapo kila aliyezikwa nyuma ya kanisa alikuwa amelala, na hakuna aliyeamka. Tena kulikuwa na jambo ambalo Tabea alilifanya kwa siku tatu baada ya mazishi yale. Nyanya yake peke yake ndiye aliyelijua, na nyanya naye sasa alikuwa amelala huko huko.

Kwa hiyo Bibi aliposema yatalala, Tabea alielewa hivi: Bibi anaogopa maua yatakufa, ila anasema kwa adabu, na yakishakufa, maji ni ya bure. Basi kazi yake yeye ilikuwa kuhakikisha hayafiki huko.

Akaanza kumwagilia. Asubuhi kibuyu, jioni kibuyu. Kadiri alivyomwagilia, ndivyo manjano yalivyoshuka kutoka ncha hadi shinani. Katikati ya Julai, ukungu ukishinda mlimani mpaka adhuhuri, majani yote yalikuwa yamekauka na kulala juu ya udongo kama maganda ya mahindi.

"Wafu wako hawajambo leo?" Sadoki mpishi alimwuliza kila asubuhi akipita na kuni. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye tumbo na maneno mengi. "Mlinzi wa makaburi! Nipe madebe hayo nipande kabichi. Angalau kabichi ikifa tunakula."

Tabea aliinamisha uso na kuongeza maji.

Siku moja debe la tatu lilitoa harufu. Aliingiza kidole udongoni, kikazama katika kitu laini, chenye utelezi, kinachonuka kama kiazi kilichosahauliwa ndani ya gunia. Alichutama pale, mkono umejaa uozo ule, akaliona darasa likienda zake kama mtu anayeteremka mlima bila kugeuka nyuma.

Alikuwa bado amechutama hivyo Loserian alipofika kuleta maziwa. Loserian alikuwa Mwarusha, mzee aliyechunga ng'ombe wa misheni tangu misheni ilipopata ng'ombe. Kanisani hakuingia. Kiswahili alijifunza ukubwani, na alikizungumza polepole, kama anayevuka mto kwa mawe. Tabea aliinamisha kichwa, mzee akamgusa utosini kama desturi.

"Ndito," alisema, maana hivyo ndivyo alivyowaita mabinti wote, "unalilia nini?"

"Maua ya Bibi yamekufa."

Loserian aliweka kibuyu cha maziwa chini na kuyachungulia madebe. "Haya? Haya ni ya malishoni, ya pembe mbili. Nayajua tangu nikiwa mtoto. Hayajafa. Yamelala."

"Ndiyo, mzee," alisema Tabea kwa sauti ndogo. "Yamelala."

"Mbona unasema kama umefiwa?"

"Si ni kitu kimoja?"

Mzee akamgeukia. "Kitu kimoja? Jana usiku ulilala?"

"Nililala."

"Na leo nani ameniamkia?" Akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. "Hayo ni mambo yenu ya kanisani. Mimi ng'ombe wangu akifa, nasema amekufa. Akilala, nasema amelala. Nikichanganya, nitachuna ngozi ya ng'ombe mzima!"

Kisha akapiga goti mbele ya debe la pili, akaufukua udongo taratibu kwa kidole kimoja. Chini ya majani makavu kulikuwa na viazi viwili vilivyoshikana. Kimoja kilikuwa kimesinyaa kama titi la kikongwe. Cha pili kilikuwa cheupe, kigumu, kimejaa.

"Huyu mzee ameshamlisha mwanawe," alisema, akikigusa kile kilichosinyaa. "Sasa mtoto anangoja mvua. Kiangazi chote ng'ombe wanapita juu yake na hasikii. Lakini ukimmwagia maji usingizini, atafanyaje? Ataoza kama mwenzake." Akafukia tena na kuupigapiga udongo kwa kiganja. "Ulimwagilia sana?"

"Sana."

"Acha."

Kuacha kulikuwa kugumu kuliko kumwagilia. Agosti ikapita, na Septemba, na Oktoba yote ya vumbi. Mimea mingine ya bustanini ilipewa maji, na Tabea akipita na kibuyu karibu na madebe yale mawili mkono ulimwasha. Aliyahamishia chini ya upenu, umande usiyafikie. Debe la tatu hakulimwaga. Alilisukuma nyuma ya banda la kuku, asilione.

Novemba Sadoki akachoka kungoja. Tabea alimkuta upenuni amekwisha kuinua debe moja, amelielekeza kwenye shimo la takataka.

"Usimwage!"

Kuku walitawanyika. Sadoki alishtuka nusura debe limponyoke.

"Kumbe una sauti!" alisema. "Miaka miwili nakaa na huyu, nikadhani Mungu alimnyima."

"Hayajafa. Yamelala."

"Hata babangu amelala, Tabea, na kitanda chake tumeshakigawa." Lakini alilirudisha debe chini, polepole, akijifuta mikono. "Haya. Mpaka Jumapili ya kwanza ya Majilio. Siku hiyo kama hakuna kilichotoka, napanda kabichi, na usinipigie kelele tena, nina moyo."

Mvua ilikuja wiki hiyo, ya kwanza ya vuli, kubwa, yenye mawe. Tabea aliyatoa madebe nje mwenyewe na kusimama kando yake mpaka kitambaa cha kichwani kikamganda. Kisha akangoja. Siku tano, udongo mtupu. Siku nane, magugu mawili, akayang'oa. Jumamosi jioni alichungulia kwa mara ya mwisho na hakuona kitu.

Jumapili hakutaka kwenda nyuma ya nyumba. Alikaa jikoni akifunga na kufungua kitambaa chake, kengele ya kwanza ikilia, alipomsikia Sadoki akiita kutoka upenuni. Sauti yake haikuwa na mzaha.

"Mlinzi. Njoo hapa. Njoo haraka."

Sadoki alikuwa amepiga magoti matopeni na suruali yake nyeupe ya kanisani. Katikati ya debe la kwanza palikuwa na kitu kama jino la mtoto linaloota, la kijani, limeupasua udongo. Katika debe la pili palikuwa na mpasuko tu, lakini ndani ya mpasuko kulionekana kijani.

Tabea alikaa chini pale pale. Kicheko kikamtoka kisichokuwa na mwanzo wala mwisho, Sadoki naye akacheka, wakachelewa ibada wote wawili na kuingia na magoti ya matope watu wakiwageukia.

Bibi Hanna alirudi siku kumi baadaye, amekonda lakini uso una damu. Kabla hata ya kuvua kofia alikwenda upenuni. Machipukizi yalikuwa yamefika urefu wa kidole, majani yameanza kujikunjua. Alisimama akiyatazama, akavuta pumzi ndefu.

"Mawili," alisema. "Na la tatu?"

Tabea alikwenda nyuma ya banda la kuku akalileta lile debe na kuliweka miguuni pake. "Nililiozesha, Bibi. Kwa maji."

"Lakini nilisema yatalala."

"Ulisema."

Sadoki, mlangoni, alifungua mdomo apate kumtetea. Bibi akamnyamazisha kwa mkono.

"Jumatatu utakuja darasani, hilo nimeahidi na mawili yananitosha," alisema. "Sikugombezi. Nataka kujua tu. Ulisikia, na ulikumbuka. Kwa nini basi ulimwagilia?"

Tabea aliutazama udongo mtupu wa lile debe. Angeweza kusema hajui. Ndivyo alivyokuwa akijibu siku zote, na watu walimwacha. Lakini kifua kilikuwa chepesi tangu Jumapili ile, na neno lenyewe lilikuwa limeacha kumtisha.

"Mama alipokufa waliniambia amelala," alisema, na sauti yake ikafika hadi kwa Sadoki mlangoni. "Nikampelekea uji kaburini, siku tatu, ukiwa moto, ili akiamka asikute umepoa."