Miguu ya Inspekta

Inspekta aliyependwa na watu wote wenye runinga hakuwa na miguu. Yaani miguu alikuwa nayo, na mwigizaji wake aliitembeza vizuri tu mbele ya kamera, ila haikutoa sauti ya maana. Ile korido ya kituo cha polisi, yenye vigae vinavyong'aa, ni mbao zilizopakwa rangi. Ukizikanyaga zinalia kama sanduku tupu. Kwa hiyo waigizaji walibandikwa sponji chini ya viatu ili wasije wakafunika maneno yao wenyewe kwa kelele, halafu baadaye, katika chumba kingine kabisa, mtu mwingine akatembea kwa niaba yao. Mtu huyo alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye macho ya kuchoka na mdomo usiochoka, na pale kazini walimwita Mama Vishindo.

Chumba chake kilikuwa vituko vitupu. Kuta zilifunikwa kwa magodoro ya zamani yasiyo na foronya, na sakafu iligawanywa vipande vipande, hapa saruji, pale vigae, kule mbao, pembeni kokoto na mchanga. Rafu zilijaa viatu vya kila aina, mgeni angedhani ni duka la fundi viatu aliyefilisika. Ngumi za polisi alizitoa kwenye kabichi. Mbavu za majambazi alizivunja kwa karoti, na karoti hizo hazikutupwa, jioni zilifungwa kwenye mfuko zikaenda nyumbani kupikwa.

"Leo umeua wangapi?" Fundi Sauti humuuliza kila asubuhi kutoka nyuma ya kioo, alikokaa na mitambo yake ya kurekodi.

"Wawili. Wa tatu yuko mahututi, nasubiri kabichi."

Mtu aliyemwona akicheka vile angesema hana shida duniani, kumbe moyoni ana yake. Mume wake alikwenda ng'ambo kutafuta maisha. Mwanzoni alipiga simu, halafu akapiga mara moja moja, halafu ile namba ikawa haipatikani, mpaka leo. Hapakuwa na ugomvi, talaka wala msiba. Mwanamke aliyeachwa watu humpa pole, na aliyefiwa humpa pole zaidi, lakini yeye hakuwa huku wala kule, na watu walipoishiwa maneno ya kumwambia waliacha kuuliza. Akabaki na mama mkwe, bibi mkavu wa mwili, mwenye maneno machache, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kabisa, haoni tena. Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili tu; chumba cha mbele ndicho kilikuwa sebule, na ndipo bibi alipolala.

Sasa, miguu ya Inspekta ilipatikana hivi. Tamthilia ilipoanza, Mama Vishindo alijaribu viatu vyote vya kwenye rafu na mwongozaji akavikataa vyote. Mwongozaji alikuwa mama mmoja wa haraka haraka, asiyejua kusifu.

"Huyu ni askari," alisema. "Wewe unanipa mwalimu aliyechelewa kipindi."

Kesho yake Mama Vishindo akaja na viatu vya mumewe, vile vyeusi alivyoviacha chini ya kitanda. Vilikuwa vikubwa, akavishindilia vitambaa. Aliposimama kwenye vigae na picha ikaanza kwenda, mwili wake ukakumbuka wenyewe. Akatembea kama mumewe alivyokuwa akitembea jioni akitoka kazini: kisigino cha kulia kinagonga, mguu wa kushoto unaburuzika kidogo kama anafuta sakafu, na karibu na mlango anasita, kama mtu anayejiuliza leo anaingia na uso gani. Nyuma ya kioo, Fundi Sauti aliinua kichwa.

"Huyo ndiye," alisema.

Hakuna aliyejua ni nani hasa. Yeye mwenyewe alijitia hamnazo. Kazi ni kazi, viatu ni viatu. Lakini Alhamisi jioni tamthilia iliporushwa kwa mara ya kwanza, alikuwa jikoni anakatakata vitunguu aliposikia kikombe kikiwekwa mezani kwa haraka.

"Fungua mlango," mama mkwe alisema. "Mwanangu amerudi."

Alitoka jikoni na kisu mkononi. Bibi alikuwa amekwisha simama, anapapasa ukuta kuelekea mlangoni, na uso wake ulikuwa na nuru ambayo mkwewe hakuwahi kuiona. Alikuwa amelifikia komeo.

"Mama. Ni TV, Mama."

Bibi akasimama pale pale. Miguu ikaendelea kutembea kwenye runinga, ikapanda ngazi, ikaingia ofisini.

"Ah," akasema. "TV." Akapapasa akarudi kukaa, na chai yake ikapoa bila kuguswa.

Mtu mwenye busara angebadilisha viatu siku iliyofuata. Mama Vishindo alikusudia kabisa kuvibadilisha. Lakini wiki ile mama mkwe akaomba kiti chake kisogezwe karibu na runinga, na Alhamisi akaoga mapema, akakaa, akainamisha kichwa kusikiliza. Nani angemnyang'anya? Na tuseme ukweli wote, hakuwa bibi peke yake. Mama Vishindo alikuwa na njaa ya mume wake, njaa ya mtu mzima isiyosemeka mezani, na kila asubuhi alipovaa vile viatu alikuwa naye kwa muda wa kazi. Alikuwa akimrudisha nyumbani, tena na tena, na mshahara wanampa.

Akaanza na kuongeza. Inspekta akitoka nje ya picha, yeye anamsindikiza bado kwa hatua. Inspekta akifikiri, anazunguka chumbani. Mpaka mwongozaji akauliza, "Mbona huyu hatulii? Ana nini?"

"Kesi ni ngumu," alijibu Mama Vishindo kwa uso mkavu.

Hayo yalikwenda hivyo kwa muda mrefu, na Alhamisi ikawa siku yao. Wawili hao hawakuwahi kuizungumza miguu ile. Bibi husikiliza, mkwewe husikiliza, tamthilia ikiisha mmoja husema, "Haya, tulale," na wanalala.

Halafu siku moja mwongozaji akaingia chumbani kwa Mama Vishindo, akakaa juu ya rundo la kokoto bila kuangalia, akasema Inspekta anakufa. Mwigizaji amepata kazi kubwa kwingine, mkataba umekwisha, na sehemu ya mwisho anapigwa risasi.

Mama Vishindo aliweka chini karoti aliyokuwa ameishika. "Afe kabisa?"

"Kuna kufa nusu?"

"Apigwe ya mguu basi. Akalazwe hospitali, watu waendelee kumngoja."

"Mama Vishindo, nimekwisha mpiga picha, nimemuua, nimemzika, na jeneza nimelirudisha nilikolikodi." Mwongozaji akainuka, akajipangusa vumbi. "Na wewe usinililie hapa. Ni mtu wa kuandikwa tu."

Angemwambia nini? Kwamba kuna bibi mmoja asiyeona, ambaye Alhamisi hiyo atamsikia mtoto wake akitembea, halafu risasi, halafu kimya? Usiku ule hakula. Alijiona ni muuaji. Kuua majambazi kwa karoti ni mchezo, lakini hili alilitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, hatua kwa hatua, na sasa bibi wa watu angefiwa mbele ya runinga kwa sababu mkwewe hakuweza kuvua viatu.

Siku ya kurekodi akaamua kumtoa mumewe humo kabla risasi haijalia. Akachukua viatu vingine kwenye rafu, vya ukubwa wake, akasimama kwenye vigae. Alipiga hatua chache tu, Fundi Sauti akasimamisha picha.

"Huyo nani?"

"Inspekta."

"Siye. Huyo ni mtu mwingine amevaa nguo zake. Wewe unaumwa?"

Mama Vishindo akakaa chini sakafuni. Labda ni kwa kuwa Fundi Sauti hakuwahi kumuuliza lolote la nyumbani ndiyo maana ikawa rahisi kumwambia. "Ile miguu ni ya mume wangu," alisema. "Ndivyo alivyokuwa anarudi jioni. Na mama yake anaisikiliza kila wiki. Ndicho kitu pekee alichobaki nacho."

Fundi Sauti aliizima mitambo, akatoka nyuma ya kioo, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya, akaja kukaa karibu naye. Akasema, "Itazame picha yote kwanza. Halafu tembea unavyoona. Mimi nitarekodi tu."

Wakaitazama. Ni alfajiri. Inspekta anaamka, mke wake amelala. Anavaa, anachukua koti, anapita sebuleni kimya kimya, anafungua mlango, anatoka. Anavuka uwanja. Getini wanamngoja. Mama Vishindo alimtazama mtu yule akitoka, na hapo akaliona kosa lake la miaka yote. Alikuwa akimtembeza mumewe akirudi. Hata Inspekta alipokuwa akitoka, akifukuza mwizi, akienda mazishini, miguu ilikuwa inarudi nyumbani. Akiondoka alikuwa hajawahi kumtembeza, na si kwamba hakujua anaondokaje.

Alijua vizuri sana. Alfajiri ile aliyoondoka mumewe, yeye alikuwa macho, amefumba, ameupa ukuta uso. Alimsikia akivaa. Alimsikia akipita chumba cha mbele, na hatua zake zilikuwa nyepesi. Mguu wa kushoto haukuburuzika hata kidogo. Alitembea kama mtu aliyetua mzigo, hakusita mlangoni, hakusimama penye kitanda cha mama yake, akatoka. Kulipokucha, Mama Vishindo akamwambia bibi uongo ambao hakuwahi kuutengua: "Alikuinamia, Mama, akashindwa kukuamsha. Alikuwa na machozi."

Akainuka sakafuni, akavaa viatu vyeusi. "Washa," alimwambia Fundi Sauti.

Akatembea mara moja tu. Alitembea mwepesi, haraka, bila kuburuza, akavuka mbao, akavuka vigae, akaingia kwenye kokoto, na hakusita popote. Alipomaliza alikuwa analia, na Fundi Sauti hakuomba warudie.

Alhamisi ilipofika alifikiria kuchomoa waya wa runinga na kusingizia imeharibika. Lakini bibi alikuwa amekwisha oga.

"Leo ndiyo mwisho, eti? Majirani wanasema wanamuua."

"Wanasema, Mama."

"Njoo ukae hapa basi. Jikoni kuna nini leo?"

Akaja akakaa karibu naye, na bibi akamwekea mkono gotini. Tamthilia ikaenda. Alfajiri ikafika kwenye kioo cha runinga, kitanda kikalia, koti likachukuliwa, na miguu ikaanza kupita sebuleni, myepesi. Ule mkono gotini ukakaza.

"Ndivyo alivyoondoka," bibi alisema.

Mama Vishindo akageuka. "Mama?"

"Hivyo hivyo. Alipita hapa, karibu na miguu yangu, wala hakusimama."

"Ulikuwa umelala, Mama."

"Nilikuwa macho. Nilinyamaza nione kama ataniaga." Bibi alisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza njia. "Nikajua toka pale. Anayekusudia kurudi haendi hivyo."

Kwenye runinga mlio wa risasi ukapasuka. Watu wakapiga kelele, gari likafunga breki, muziki wa huzuni ukaingia na vinanda vyake vyote. Hakuna kati yao aliyegeuza kichwa.

"Na mimi nikakwambia alikuinamia," Mama Vishindo alisema.

"Ulisema. Nikakuacha useme, niliona unauhitaji uongo huo."

"Sasa Alhamisi zote hizi, Mama? Kiti karibu na TV, unaoga mapema. Ulikuwa unasikiliza nini?"

"Siku ya kwanza nilidanganyika. Ya pili nikasikia kuwa ni wewe. Viatu vyake, lakini uzito ni wako, nakusikia kila siku humu ndani." Bibi akautafuta mkono wa mkwewe, akaushika. "Nikasema, kumbe huyu mtoto bado anamngoja. Nikakaa na wewe, usingoje peke yako."

"Mimi nilidhani unayemngoja ni wewe. Nilikuwa nakuletea."

Bibi akamgeuzia uso. Halafu akauliza taratibu, "Na wewe, asubuhi ile, ulikuwa macho?"

"Nilikuwa macho."

"Ukamsikia?"

"Nilimsikia, Mama. Mpaka getini."

"Basi alituacha wote wawili macho," bibi alisema, "na hakuna aliyeinuka."

Tamthilia ilikuwa imekwisha, na mtu wa matangazo alikuwa anauza sabuni. Huu ndio wakati ambao mmoja wao husema, haya, tulale. Hakuna aliyesema. Mama Vishindo, ambaye mdomo wake haukosi la kusema kazini kutwa nzima, alilitafuta neno moja ambalo hakuwahi kulitamka ndani ya nyumba ile, akalipata, likamtoka kwa shida.

"Nina hamu naye, Mama."

"Najua," bibi alisema. "Hata mimi, mwanangu. Hata mimi."