Ngozi ya Kutilia Kinanda Kiraka

"Mama Ngendo, hii si ngozi, hii ni mlango!" Barasa aliipiga ngozi ya kondoo kwa ngumi, ikalia kama debe.

"Aiya, Baba Nekoye! Ulinipa nikutengenezee, nimetengeneza. Kwetu ngozi inawambwa kwa vigingi, inakaa juani mpaka ikauke. Ulitaka ya kubebea mtoto?"

"Nataka ya mvukuto wa kusukumia kinanda hewa! Itajikunja vipi hii?"

Majirani wote wa nyumba za wafanyakazi pale Ruiru tulikuwa tumetoka kusikiliza, mimi wa kwanza, maharagwe yangu yakiungua ndani. Shida ya Barasa tuliijua. Kinanda cha kanisa la chuo cha walimu kililetwa kutoka Uingereza kabla ya vita, vipande vipande, mabomba yake yakabebwa mabegani kutoka stesheni. Tangu siku hiyo Barasa ndiye aliyekipangusa na kukisukumia hewa. Sasa panya wametafuna mvukuto, na mkuu wa chuo amesema kisipolia Jumapili mbele ya askofu, kitauzwa Nairobi, na Barasa atarudi kukata mkonge kule Thika.

Waceke, yaani huyo Mama Ngendo, aliposikia mkonge alipunguza sauti. "Lete. Nitaipaka mafuta ya mbarika, vile mama yangu alilainisha nguo zake za ngozi."

Akailoweka, akaipaka, akaisugua mpaka ikalegea kama kitambaa. Barasa akacheka, akaenda nayo mbio. Wapi! Gundi ikakataa kushika ngozi yenye mafuta. Akaiosha kwa sabuni, akaipangusa kwa majivu, akaitukana kwa Kibukusu. Mwishowe akaipigilia misumari midogo.

Jumapili, ubeti wa kwanza kililia vizuri, hata mimi nikageuka kuangalia nani ananiona nikifurahi. Ubeti wa pili, pfffff! Kiraka kimebanduka. Tukamalizia wimbo kwa midomo yetu. Baada ya ibada mkuu wa chuo alimwambia Barasa maneno machache ya Kizungu, na hakuna aliyehitaji mkalimani.

Jioni tukamkuta amekaa nje kwa Waceke.

"Si ungeniambia kuna gundi," Waceke akafoka, machozi karibu.

"Ningejuaje utapaka mafuta? Mikono yangu imeshasahau mkonge, Mama Ngendo."

Waceke akafungua mlango wote. "Kelele basi. Mtoto wako Nekoye ameshaanza kula na wanangu. Ingia, chakula kinapoa."