Suruali ya Kobe

Asubuhi ya kufungua shule, Chiriku alitoka chumbani amevaa suruali ya marehemu kaka yake.

Bibi yake alikuwa ameketi nyuma ya cherehani, anatunga uzi kwenye tundu la sindano, jicho moja amelifumba. Alipoinua uso, uzi ukamponyoka. Kufumba na kufumbua, alimwona yule mwingine: kiuno kilekile, miguu ileile myembamba, magoti ya kitambaa yaliyopauka kwa kudaka mipira uwanjani. Kisha akaona masikio yaliyotogwa, akajua ni nani.

Walikuwa pacha. Huyu walimwita Chiriku kwa sababu alianza kusema kabla hajajua kusimama, na akishaanza, mwenye nyumba ahame. Kaka yake walimwita Kobe. Ukimtuma chumvi, mboga itaiva, italiwa, vyombo vitaoshwa, ndipo unamwona huyo anaingia na chumvi yake mkononi, anacheka. "Mke wangu," alikuwa akimtania bibi yake, "haraka ya nini? Kwani chumvi inaoza?"

Kila mwaka Bibi aliwashonea sare za shule kwa mkono wake, suruali ya huyu na sketi ya huyu, wala hakuwahi kuwapima wote wawili. Akimpima mmoja, amempima na mwenzake. Sasa homa ilikuwa imemchukua Kobe, tena kwa haraka ambayo mwenyewe hakuwahi kuwa nayo maishani mwake. Na Chiriku, tangu siku ile, maneno yalikuwa yamemkauka kama kisima wakati wa kiangazi.

"Mke mwenzangu," Bibi alisema taratibu, "sketi yako nimeipiga pasi. Ile pale, mlangoni."

"Nimeiona."

"Sasa mbona...?"

"Nikivaa hii siendi peke yangu."

Mama yake mtoto alikuwa ameshatoka kwenda kazini. Alikuwa mfuaji wa mashuka katika hoteli, na mashuka hayamsubiri mfiwa. Bibi akawaza: mtoto huyu tangu msiba hajataka hata kuchungulia nje. Leo ameoga mwenyewe, amechana nywele, mkoba uko begani. Mimi ni nani wa kumrudisha ndani? Akamnyoosha kola.

"Haya nenda, mama. Mungu akutangulie."

Hata jua halijashika ukali, mtoto amerudi. Nyuma yake alikuja mlinzi wa shule, mzee mwenye koti kubwa kuliko yeye, amebeba ule mkoba kwa uangalifu kama amebeba mayai.

"Mwalimu wa zamu kasema akabadilishe," mlinzi alisema. "Hakumfokea, usije ukadhani. Hata yeye machozi yalimlenga. Ila kanuni ndiyo hiyo, mama: wasichana sketi, wavulana suruali."

"Na geti umemwachia nani?"

"Geti lina kufuli," mzee akajibu. "Huyu hana."

Chiriku akaingia chumbani, akaivua suruali, akaikunja vizuri, akaiweka chini ya mto wake. Kesho yake hakuenda shule, wala kesho kutwa. Hakulia wala hakupiga kelele. Mama yake alimbembeleza, akamkaripia, akambembeleza tena. Jibu lilikuwa moja tu: "Wakikubali, nitaenda."

Bibi akajifunga kanga yake nzuri, akaenda shule.

Mwalimu Mkuu alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Alimpa Bibi kiti chake mwenyewe, maana kile cha wageni kilikuwa na mguu mbovu, naye akaketi juu ya kile kibovu, akijishikiza kwa meza.

"Bibi, nakuelewa. Wallahi nakuelewa. Lakini nikimruhusu huyu mmoja, kesho watakuja kumi."

"Na wakija?"

"Ati?"

"Hao kumi. Wakija wamevaa suruali, mwalimu wangu, kitaharibika nini?"

Mwalimu Mkuu aliivaa miwani yake. Akatazama nje ya dirisha, ambako wasichana walikuwa wakiruka kamba, mkono mmoja hewani, mkono mwingine umeshikilia sketi isipeperuke. Bibi naye akatazama. Nyingi kati ya sketi zile alizishona yeye. Alijua urefu wake, upana wa pindo, idadi ya marinda. Ule mkono unaoshikilia, hakuwahi kuuona mpaka leo.

"Sijui, Bibi," Mwalimu Mkuu akasema mwishowe. "Nimeikuta kanuni, nikaifuata. Lakini wazazi wana mkutano Jumamosi. Nitalileta mbele yao. Njoo useme mwenyewe."

Jumamosi wazazi wakajibana katika madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Mwalimu Mkuu akaeleza: je, msichana akiomba kuvaa suruali ya sare, aruhusiwe? Hakutaja jina la mtu.

Muuza nyama wa sokoni, mtu wa kitambi na mzaha, ndiye aliyeanza. "Mimi nina mabinti wanne, jamani. Leo suruali, kesho watataka kufuga ndevu!"

"Bwana nyama," akadakia muuguzi mmoja kutoka nyuma, "hizo zako mwenyewe hazijatimia, utawagawia nini?"

Darasa zima likaangua kicheko. Muuguzi hakucheka. "Wangu wawili wanatoka nyumba moja, asubuhi moja. Mvulana miguu yake imefunikwa. Msichana anafika shule mapaja yanatetemeka. Baridi haiulizi huyu nani na yule nani."

"Nunueni soksi ndefu," mzee mmoja fundi viatu akasema. "Tofauti imewekwa kwa heshima. Binti akivaa sketi anajua yeye ni nani."

"Heshima iko kwenye nguo au kwenye malezi?"

"Kwani nguo si malezi?"

Wakavutana hivyo, huyu akisema hivi na yule vile, na Bibi akaona kwamba hakuna aliyesema kwa ubaya. Kila mtu alikuwa anamwogopea mtoto wake kitu fulani. Akasimama, mkono mmoja kwenye dawati.

"Mjukuu wangu anajua sana yeye ni nani," alisema. "Ni pacha aliyebaki peke yake. Hiyo suruali ni ya kaka yake. Mimi siombi mfute kanuni, wanangu. Naomba muhula mmoja tu, aivae mpaka moyo upoe."

Muuza nyama akainamisha kichwa.

Wakaombwa kunyoosha mikono. Muuguzi akanyoosha, na mwalimu wa zamu, na Bibi akashangaa kuona mkono mnene wa muuza nyama nao uko juu. Lakini ile ya kupinga ilikuwa mingi zaidi. Mwenyekiti wa kamati alisema kwa sauti ya huruma, "Pole sana, mama. Lakini kanuni ukiitoboa mara moja, baadaye inakuwa chekeche."

Nje, muuza nyama alimkimbilia Bibi, anahema. "Mama, nisamehe. Ule ulikuwa mzaha tu. Sikujua ni yule mdaka mipira wetu." Akamsindikiza mpaka njia panda, hakutania hata neno moja.

Bibi alitembea akiwaza. Mlango umefungwa, sawa. Lakini yeye ni fundi, na fundi mlango ukifungwa huingia kwa mshono. Maisha yake yote alikuwa akigeuza nguo. Shuka lililotoboka kati likawa foronya, gauni la dada likawa la mdogo wake. Mumewe alipofariki, koti lake alilifumua akamshonea binti yao blauzi, na binti, ambaye sasa ndiye mama yake Chiriku, aliivaa mpaka ikaisha mwilini. Ile blauzi iliwafariji. Kitambaa hakifi, Bibi alipenda kusema. Kinabadili jina tu.

Jumatatu, mama alimchukua Chiriku kwenda naye hotelini, akamsaidie kukunja foronya, kuliko kushinda ndani akitazama ukuta. Bibi akaitoa suruali chini ya mto.

Akachukua wembe, akaanza kufumua. Alifumua miguu, akafumua kiuno, akavitandaza vipande mezani na kuvipiga pasi mpaka vikalala. Yale magoti yaliyopauka akayaficha ndani ya marinda, yasionekane. Mifuko akaikata akaitupa kwenye gunia la vitambaa vibovu, kwa maana sketi ya shule haina mfuko. Ndivyo mchoro wa shule unavyosema, na mkono wake ulikuwa umezoea. Cherehani ikaanza kuunguruma. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, Bibi alijikuta anaimba. Kitambaa ni kilekile, alijiambia. Atamvaa kaka yake mbele ya macho ya wote, na hakuna wa kumrudisha getini.

Alasiri wakarudi. Mama aliingia na uso mwepesi kidogo. "Leo amesema, mama! Amewaambia wenzangu wanakunja foronya kama wanafunga mizigo."

"Alhamdulillahi! Njoo hapa, mke mwenzangu. Fumba macho." Bibi akaiinua sketi kwa kushika kiuno chake, kama anavyowafanyia wateja. "Haya, fumbua. Nani atakurudisha sasa? Huyu hapa Kobe, tena kwa ruhusa ya kamati!"

Chiriku aliitazama. Akaipokea, akaigeuza ndani nje. Vidole vyake vikapita polepole kwenye mshono wa kulia, kutoka kiunoni kushuka, vikarudi juu, vikashuka tena.

"Mfuko uko wapi?"

"Sketi ya shule haina mfuko, mama."

"Wa kulia, Bibi. Uko wapi?"

Bibi akamtazama binti yake, binti yake akamtazama yeye. Hakuna aliyeelewa.

"Yangu haina mfuko," Chiriku akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini maneno yalikuja yote kwa pamoja, kama ya zamani. "Wasichana hatuna. Kalamu yangu ilikaa kwake. Kifutio changu kilikaa kwake. Baridi ikiwa kali mkono wangu nao ulikaa humo, tangu hapa mpaka shule. Nyie mlimcheka kwamba anatembea polepole. Alikuwa hawezi kukimbia. Mimi nilikuwa nimemshika."

Bibi alikwenda kwenye gunia. Alipiga magoti, akamwaga vitambaa vyote sakafuni, akavichambua kwa mikono miwili mpaka akaupata. Ulikuwa mfuko wa kitambaa cheupe, chepesi, umetanuka kupita kawaida ya mfuko wa mtoto mmoja. Fundi alipaswa kuliona hilo. Aliunyoosha juu ya kiganja.

"Nitaurudisha. Sasa hivi, mama. Nitaushona hapa, pembeni, hawatauona."

Chiriku aliutia mkono ndani ya kile kitambaa, kikiwa bado kiganjani mwa Bibi. Akautoa.

"Acha, Bibi," akasema. "Sasa ni mkono wako tu ndio uko humo."

Akaingia chumbani, akafunga mlango, bila hasira.

Mama akaketi sakafuni katikati ya vitambaa, akamwegemea mama yake. "Hukujua," alimwambia. "Hata mimi niliyewazaa sikujua."

"Nimeona kitambaa," Bibi akajibu. "Mwanangu, mimi nimeona kitambaa tu."

Jioni hiyo chakula kilipakuliwa, kikarudishwa kilivyo.

Asubuhi Bibi hakuigusa cherehani. Aliketi jikoni, akitazama chai inayopoa, akiwaza kwamba mtu anaweza kumpenda mtoto kwa moyo wote na bado akamkata pabaya. Mwenyekiti, kamati, mikono ile yote iliyonyooshwa, hakuna hata mmoja wao aliyeigusa suruali ile. Walikuwa wamesema hapana, nayo ikabaki nzima chini ya mto.

Mlango ukalia. Chiriku alisimama pale, soksi zimevutwa juu, mkoba begani. Alikuwa ameivaa ile sketi.

Bibi aliona mara moja. Jicho la fundi halizimiki, hata likitamani kuzimika. Pindo la upande mmoja lilikuwa limeshuka. Kiuno kilikuwa kimelegea kwa nyuma. Marinda hayakulala, kwa kuwa kitambaa cha magoti kilikuwa kimechoka na kila rinda lilikuwa linafunguka. Haikuwa sketi ya kustahili kutoka mkononi mwake. Mteja yeyote angeirudisha.

"Imenikaa vizuri, Bibi," Chiriku alisema.

Aligeuka mzima, taratibu, ili Bibi aone mbele na nyuma, kama alivyokuwa akifanya kila mwaka alipojaribishwa sare mpya. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia, lakini ameuosha, na ameupaka mafuta.

Bibi akajua kwamba ni uongo, na akajua mtoto ameutengeneza kwa kazi kubwa, peke yake, gizani, kwa ajili yake. Uongo wa namna hiyo haurudishwi kwa mwenyewe.

"Imekukaa," akasema. "Imekukaa sana, mke mwenzangu."

"Basi naenda."

"Subiri. Viatu."

Akainama mpaka chini, akashika kamba za viatu vya Chiriku, ingawa zilikuwa zimeshafungwa. Akazifungua, akazifunga tena, kimoja, kisha cha pili, na alichukua muda mrefu, ili uso wake usionekane.

Chiriku akamngoja mpaka amalize.