Mtathmini wa Pili

Profesa alikuwa na sifa moja aliyopenda kuitangaza mwenyewe: hana huruma na makala mbovu. Majarida yalipomtumia kazi za watu azitathmini, majina ya waandishi yakiwa yamefutwa, alizifyeka bila kupepesa macho, kisha akaenda kwenye chumba cha chai kusimulia jinsi alivyomnyoosha mtu asiyemjua. Wenzake walicheka. Wenye makala zao zilizokuwa zikisubiri kutathminiwa walicheka zaidi.

Alasiri hiyo mpwa wake, mtoto wa dada yake mkubwa, aliingia ofisini bila kubisha hodi. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto aliyesoma shahada ya pili huku akiingia zamu, na nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Leo ulikuwa umepumzika. Aliketi, akatoa karatasi kwenye begi, akazilaza mapajani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona umenuna hivyo?"

"Niliandika makala nikakuficha. Nilitaka nikuletee ikiwa imeshachapishwa, ujionee mwenyewe." Alivuta pumzi. "Mtathmini wa kwanza kaipenda. Wa pili kanimaliza. Mhariri anasema nisipomridhisha huyo wa pili, basi, na nafasi yangu ya uzamivu inasubiri makala hii. Nimekuja unisaidie kumjibu."

"Hebu nisomee," alisema Profesa, akajiegemeza kitini. Mambo ya kujibu watathmini aliyapenda.

"'Mwandishi haelezi aliwapataje akina mama aliowahoji.' Nimeeleza, mjomba, aya nzima, ukurasa wa nne. 'Sehemu ya tatu ni umbea wa mabenchi ya kliniki. Iondolewe yote.'"

Umbea wa mabenchi. Profesa aliyatambua maneno hayo kama mtu anavyotambua kikohozi chake. Aliyaandika kwenye simu, kwa kidole gumba, akisubiri gari lake lioshwe huku akibishana na mwoshaji juu ya matope ya magurudumu. Yalimfurahisha sana, hata kwenye chai aliyarudia.

"Ila mwishoni ana adabu kidogo," Chiriku aliendelea. "Anataka niongeze kazi tatu kwenye marejeo, na zote tatu ni zako. Angalau huyo mtu anakuheshimu." Akatabasamu kwa fahari, fahari ya kweli ya mtoto wa dada, na Profesa akashindwa kumtazama.

"Hiyo sehemu ya tatu inahusu nini?" aliuliza. Swali lenyewe lilikuwa aibu, maana yeye ndiye aliyeihukumu.

"Akina mama wanaeleza kwa nini wanaacha kuleta watoto kwenye chanjo. Nilikuwa nakaa nao kwenye benchi zamu ikiisha. Mmoja aliniambia haogopi sindano, anaogopa kugombezwa na nesi mbele ya watu kwa kuchelewa. Nesi mwenyewe nilikuwa mimi." Alizipanga upya karatasi zilizokuwa zimeshapangika. "Hiyo ndiyo makala, mjomba. Mengine ni majedwali. Lakini nimeshaifuta, kama alivyotaka."

Profesa angeweza kujitia hamnazo. Angemsaidia kuandika majibu, na makala ikirudi mikononi mwake angeipitisha kimyakimya, tena kwa sifa. Nani angejua? Aliliwaza hilo, na aliliwaza kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kusemwa.

"Irudishe," alisema hatimaye.

"Ataikataa."

"Hataikataa. Huyo mtu ni mimi."

Chiriku alicheka kidogo, akidhani ni utani. Kisha akamwangalia usoni, na kicheko kikamkauka.

"Ulisoma mpaka wapi?"

"Muhtasari. Na marejeo, nione kama nimo."

Alitamani ardhi ipasuke immeze, kiti na vyeti vya ukutani vikiwemo. "Mwanangu, ningejua ni yako ningeisoma neno kwa neno. Naapa."

Aliyasema hayo kumfariji. Chiriku aliyapima bila hasira.

"Najua ungeisoma," alisema. "Na wale wasio wapwa zako, mjomba?"

Chiriku alimwomba amwandikie mhariri palepale, yeye akiwa amekaa, naye Profesa akaandika: kwamba hakuisoma makala, kwamba mwandishi ni ndugu yake, kwamba atafutwe mtathmini mwingine na sehemu ya tatu ibaki. Akatuma. Chiriku akakusanya karatasi zake, akaaga kwa heshima ileile ya siku zote, akaufunga mlango polepole.

Profesa alibaki akijaribu kuzikumbuka makala nyingine alizozifyeka mwaka ule. Kejeli zake alizikumbuka zote, na nani alicheka kwa ipi. Makala zenyewe, hakukumbuka hata moja ilihusu nini.