Betri za Elphas

"Mama Janice, huyo fundi wako mpya umemtoa wapi?"

Waceke aliuliza hivyo jioni moja ya baridi, amesimama upande wake wa ua pale Langas, mtaa wa Eldoret, fungu la sukumawiki mkononi. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa jirani wa tangu zamani, mwenye duka pale kwenye kona, na kabati lake la vyombo lilikuwa limesimama nusunusu katika karakana ya Kavetsa tangu siku mume wa Kavetsa, aliyelianza, alipoitwa na Mungu.

"Fundi gani?" Kavetsa akauliza.

"Wacha kunificha. Alhamisi nimemsikia akitoboa mbao. Nikasema asante Yesu, kabati langu limekumbukwa."

"Alhamisi nilikuwa kanisani, kwa maombi ya akina mama."

"Si ndiyo nasema. Wewe kwa maombi, yeye kwa kazi. Ama ni mtu wa kufichwa?"

Waceke alicheka peke yake. Kavetsa akamtazama vizuri, kama anavyotazama maziwa yaliyo karibu kufura.

"Alikuwa anatoboa vipi?"

"Kwa drili, kwani na nini? Kwanza trr, trr, mfupimfupi. Akanyamaza kidogo. Halafu ndiyo akatoboa kabisa, trrrrr. Hata nikasema huyu lazima alifundishwa na marehemu."

Kavetsa akaushika waya wa ua. Ufunguo wa karakana ulikuwa shingoni mwake, umefungwa kwa uzi. Hakuna mwingine. Na ndani ya karakana hiyo hapakuwa na drili.

Mumewe, Elphas, alikuwa na desturi moja ambayo mafundi wenzake walimchekea. Kabla ya kugusa mbao alikuwa akiibonyeza drili hewani mara mbili, kifupi, aone inazunguka kwenda mbele au kurudi nyuma. Kisha akisubiri. "Mbao ni nyumba ya mtu," alikuwa akisema. "Huingii bila hodi." Kavetsa, ambaye ndiye aliyemshikia mbao miaka yote na kumpakia vanishi, alizoea kumwitikia "karibu", naye ndipo akatoboa. Ulikuwa mchezo wao wa ndoa. Watu wa nje hawakuujua.

Usiku ule aliomba sana. Mchungaji amewafundisha kwamba mfu amelala, hana habari ya chini ya jua, na Kavetsa ni mtu wa kushika alichofundishwa. Asubuhi alifungua karakana. Vumbi kwenye meza ya kazi lilikuwa palepale, halina alama ya kidole. Kabati la Waceke lilisimama bila milango. Lakini ndani mlinukia saiprasi mbichi, ile harufu tamu ya mbao iliyotobolewa sasa hivi, na mbao zilizokuwamo, za kutoka Timboroa, zilikuwa zimekauka tangu wakati wa kupanda mahindi.

Hiyo drili ilikuwa wapi? Ilikuwa Kesses, kwa shemeji yake Kituyi, na jinsi ilivyofika huko ni jambo la kusikitisha.

Baada ya mazishi, wazee wa ukoo walikaa kule nyumbani Kimilili kugawa vitu vya marehemu kama inavyotakiwa. Koti kwa huyu, redio kwa yule, viatu kwa mpwa. Vyombo vya kazi vikaletwa katikati. Mzee aliyekuwa akigawa alikuwa mtu wa jembe. Kwake yeye, kitu kinachotoka kwenye kingine ni vitu viwili, kama jembe na mpini wake, na ugawaji mzuri ni ule ambao hakuna anayetoka mikono mitupu. Akachukua ile drili ya kijani, akaichomoa betri. Drili akampa Kituyi, ndugu wa kufuatana na marehemu. Betri mbili na chaja akamwekea mjane mapajani, akasema, "Na wewe usikose stima nyumbani." Watu wakapiga makofi. Mjane mbichi habishani na wazee mbele ya kaburi bichi.

Basi Kituyi akaenda na mwili, Kavetsa akarudi Langas na roho. Betri na chaja akaziweka katika katoni, juu ya rafu ya karakana. Hakuzichaji. Za nini?

Jumapili iliyofuata swali la Waceke, Kituyi akaja baada ya ibada, akanywa chai vikombe viwili na kutazama paa, kuta, mlango, kama mtu anayepima mahali pa kuweka kitanda.

"Shemeji," akasema, "nimefikiri. Mimi nina drili, wewe una betri. Wazee hawakukosea. Walitaka tukae karibu."

"Walitaka kugawa sawa."

"Ni mamoja. Nitahamisha kazi yangu kutoka Kesses nije hapa. Vyombo vitaungana. Nikichelewa, nitalala. Wewe utanipikia. Mwanamke hawezi kushika karakana peke yake, watu watacheka."

"Mke wako anasemaje?"

"Mke wangu ni wa Kesses. Hapa ni hapa."

Kavetsa akakusanya vikombe. Alielewa. Siku ile atakapokubali drili ile iingie na kushika betri zake, Kituyi atakuwa ameingia mahali pa Elphas, kwenye meza ya kazi kwanza, kisha kwenye kiti, kisha kwingine. Na akikataa bila chombo chake mwenyewe, karakana itakufa, naye hana shamba. Binti yake Janice bado yuko chuo, na yote yanatoka kwenye mbao.

"Jumamosi nitakuja na drili," Kituyi akasema mlangoni. "Unipe jibu."

Jumatatu Kavetsa aliifunga betri moja kwa leso, akaiweka kikapuni, akaenda mjini kwa Nderitu. Nderitu ana duka la vyombo vya ujenzi na alimjua Elphas kwa miaka mingi. Ni mtu wa maneno, lakini hauzi uongo.

"Mama, pole tena," akasema. "Unataka nini?"

"Drili isiyo na waya. Ya kazi ya nyumbani. Makabati, viti, bawaba za milango."

Nderitu akapanga kwenye kaunta. Ya kijani, ya njano, ya bluu, nyingine kubwa, nyingine ndogo.

"Nikwambie siri ya hizi vitu," akasema. "Hapa hununui drili. Unanunua betri. Betri ya kijani haiingii kwa bluu, ya bluu haiingii kwa njano. Ukishachagua rangi umeolewa. Kesho ukitaka msumeno, randa, taa, yote utachukua kwa ukoo huohuo. Kwa hivyo angalia kwanza unaolewa wapi."

"Mimi niliolewa kwa kijani."

"Basi ni rahisi. Kama betri ziko, uchukue mwili tu. Hii hapa, haina betri wala chaja. Ni ileile ya mzee."

Kavetsa akaipima mkononi. Ilikuwa nzito kwa mbele. Elphas alikuwa na mikono kama majembe, na hata yeye jioni alikuwa akijikanda kifundo cha mkono. Akaiweka chini, akachukua ile ndogo ya bluu.

"Hiyo ni ya volti kumi na mbili," Nderitu akasema. "Za kijani ni kumi na nane. Wanaume wakiiona hiyo ndogo wanacheka, lakini mtu wa makabati anataka ya nini kubwa? Kubwa ni ya kutoboa ukuta. Na uone hii pete yenye namba. Hiyo ndiyo inazuia skrubu kupasua mbao. Ukiweka namba ndogo, skrubu ikifika inasema tak, inaacha yenyewe. Na ndani ya mfuko kuna ndugu yake, huyu mfupi, wa kukaza skrubu ndefu. Moja inatoboa, nyingine inakaza, hubadilishi biti, hii ncha ya chuma, kila saa. Betri mbili, moja kwa kazi, moja kwa chaja."

"Nikikaa nayo siku nzima mkono hautakufa?"

"Hiyo unaweza kushika hata ukiimba kwaya."

Kavetsa akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu swali la Waceke. Lakini moyo ulimvuta kwenye ile ya kijani. Akiinunua, betri za Elphas zitakuwa na kazi, na kitu chake kitaendelea kuishi mikononi mwake. Akafungua leso.

"Hebu ijaribu na hii kwanza. Sijui kama bado ni nzima. Haijaona chaja tangu tuzike."

Nderitu akaipokea. Akasita. Akaibonyeza ubavuni, taa nne zikawaka zote.

"Imejaa, mama."

"Haiwezi."

"Na ina joto. Shika. Hii imetoka kwa chaja sasa hivi, ama imetoka kufanya kazi."

Kavetsa akaishika. Nje kulikuwa na baridi ya asubuhi ya Eldoret, ile ya kutoa moshi mdomoni, na betri ilikuwa na joto la mkono wa mtu. Aliirudisha kwenye leso polepole, akafunga fundo, akafunga tena la pili.

"Nifungie ya bluu," akasema. "Yote. Pamoja na ndugu yake mfupi."

Nderitu akaufunga mfuko.

Wiki ile Kavetsa alifanya kazi. Alijifunza pete ya namba kwa vipande vya taka, akapasua viwili, cha tatu kikakubali. Aliweka bawaba za kabati la Waceke, akaning'iniza milango, ikafunga bila kulalamika. Kila asubuhi alipofungua karakana alikuta harufu ya saiprasi mbichi imemtangulia. Kila asubuhi alisali mlangoni kabla ya kuingia. Betri ya kwenye leso aliirudisha katoni, na katoni haikuguswa tena, lakini Alhamisi, akiwa ameinama anakaza skrubu ya mwisho, alisikia nyuma yake, juu ya rafu, mlio mdogo. Trr. Trr. Kisha kimya, kile kimya cha mtu aliyesimama nje ya mlango.

Hakugeuka. Hakujibu pia. Aliimba pambio kwa sauti mpaka skrubu ikasema tak. Lakini kimya kile hakikuondoka. Ilikuwa kama mtu amekaa kwenye benchi anasubiri zamu yake.

Hapo ndipo alipoamua. Mtu amegawanywa, akafikiri. Mwili uko Kesses, roho iko hapa, atalalaje? Kituyi akija apewe zote, vitu viungane viende zao, na yeye abaki na bluu yake.

Jumamosi Kituyi alikuja na drili ndani ya mfuko wa unga, kofia mpya kichwani. Aliingia karakana bila kubisha. Akaliona kabati limekwisha. Akaiona na ile ya bluu mezani.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Hiki kitu cha watoto?" Akaigeuza mkononi. "Kumbe umeolewa kwingine na hatujala hata kuku."

"Nimenunua chombo cha kazi, shemeji. Nitashika karakana mwenyewe. Hilo ndilo jibu."

"Wazee watasikia."

"Wasikie. Na hawatasema nimewanyima." Akashusha katoni kutoka kwenye rafu, akaiweka mbele yake. "Betri hizi, na chaja. Beba zote. Ziende na mwili wake. Mungu anajua sijabaki na kitu cha watu."

Kituyi hakutarajia hilo. Alikuja kwa ugomvi akapewa zawadi, na zawadi hiyo haikuwa na kitanda ndani yake. Akachomoa drili kutoka kwenye mfuko, akasukuma betri mpaka ikalia klik, akabonyeza.

Kimya.

Akabonyeza tena, kwa nguvu. Akachomoa, akajaribu ya pili. Kimya.

"Umeziua," akasema. "Mwanamke, umekaa nazo mpaka zimekufa. Sasa ndiyo sitoki. Nitakaa hapahapa, na hiyo ya bluu itakuwa fidia."

"Angalia taa zake."

Akaangalia. Nne, zote zinawaka. Akaichomoa betri kwa hasira, akaisukuma upande mmoja wa meza, na drili akaitupa upande mwingine, tupu, tundu lake la betri wazi kama kinywa kisicho na meno. Akavua kofia akaiweka juu ya kabati, kama mtu aliyefika kwake. Akavuta kiti cha Elphas.

Hakukikalia.

Trr.

Biti ilizunguka kidogo mezani, ikasimama. Vumbi likaruka.

Trr.

Hakuna aliyeigusa. Betri zote mbili zilikuwa zimelala mwisho wa meza, mbali na chombo. Harufu ya saiprasi mbichi ikajaa mpaka machoni. Na sasa kile kimya cha kusubiri kikaja, kikasimama kati yao wawili, na ncha ya biti ilikuwa imeelekea alipo Kituyi.

Kavetsa alikuwa ameshika meza kwa mikono yote miwili. Sauti yake ilitoka sawa, ya chini, kama anayeongea ndani ya nyumba yenye mtu aliyelala.

"Shemeji, huyo anabisha hodi. Utamkaribisha wewe, au nimkaribishe mimi?"

Kituyi aliitazama drili. Akamtazama Kavetsa. Akakirudisha kiti mahali pake, taratibu, kwa mikono miwili. Kisha akainyakua kofia juu ya kabati la Waceke, akaziacha drili na betri palepale, akatoka.