Fundi Aliyengoja Mashine Iharibike

Anselmo hakuwa mtu wa kuharibu vitu vya watu. Pale Nachingwea alijulikana kwa kutengeneza redio, pasi na, siku hizi, kompyuta. Hata pasi iliyoungua hadi basi alikuwa akiirudisha na maneno ya kumfariji mwenyewe. Kwa hiyo alichokifanya Ruangwa mwaka ule wa 2001, ndani ya duka la Getruda, kilimshangaza hata yeye mwenyewe.

Getruda alikuwa na steshenari karibu na soko. Kompyuta yake ilitoka Dar ikiwa imeshachoka, lakini ilimchapia mitihani ya shule na kadi za harusi. Na kwa kuwa duka lililo kimya halivuti watu, akaomba itiwe kadi ya sauti ili ipige nyimbo za kwaya. Vurugu ikaanzia hapo. Kila printa ilipoanza kuchapa, kwaya ilikwama kwenye silabi moja, "Bwa-Bwa-Bwa-Bwa," na mtihani ukatoka nusu karatasi. Walimu wakawa wanachungulia dirishani kuona ni nani mwenye kigugumizi humo ndani.

Ndipo Anselmo alipoitwa. Akafungua mashine, Getruda akamshikia tochi.

"Humu kila kadi ina namba yake ya kuuita ubongo wa mashine," alimweleza. "Kadi ya printa inaita kwa namba saba. Hii ya sauti nayo wameiweka saba. Zikiita pamoja, ubongo haujui uitikie ipi."

Akamwonyesha jampa, kijikofia cheusi cha plastiki, kidogo kama punje ya mtama, kilichokaa juu ya vijipini vya kadi ya sauti. Nafasi zilikuwa mbili tu, saba na tano. Akakichomoa kwenye saba, akakichomeka kwenye tano. Kadi ile haikuwa na makuu. Ukishahamisha jampa, ukiwasha, mashine inafuata yenyewe. Wakawasha jenereta ya duka. Kwaya ikaimba mpaka mwisho wa ubeti na printa ikachapa mpaka mwisho wa karatasi.

"Kumbe ugomvi wote ule ni wa kakitu haka?" Getruda alishangaa.

"Haka haka. Ukikahamisha tu, vurugu upya."

Getruda alicheka, na siku hiyo Anselmo, ambaye siku zote aliipenda kazi yake, akaanza kuipenda na safari ya Ruangwa.

Tatizo ni kwamba huwezi kushuka garini Ruangwa bila kuulizwa umefuata nini. Mama yake Getruda, Mama Albina, alikuwa akikaa barazani, hatua chache kutoka mlango wa duka, akichambua mbaazi, na halimpiti jambo. Kijana kuja kumtazama binti wa watu bila shughuli ni sawa na kujitangaza, na Anselmo kwa kujitangaza alikuwa hajiwezi kabisa. Mbele ya jenereta alikuwa simba. Mbele ya Mama Albina alikuwa anasahau hata jina la baba yake. Basi akawa anakuja na shughuli. Mara amekuja kupuliza vumbi, mara kusafisha kipanya, mara kukaza waya ambao haujawahi kulegea. Hatimaye mashine ikawa nzima kuliko ilivyotoka kiwandani, na shughuli zikamwishia.

Siku hiyo ya mwisho Getruda aliingia ndani kuchukua chai. Anselmo akatazama mlango, akatazama mashine, akajidharau kidogo, kisha akaifungua na kuirudisha jampa kwenye saba. Akafunika, akakaza skrubu, akanywa chai yake akitazama chini. Aliondoka akiwa na uhakika kuwa ndani ya siku mbili tatu ataitwa.

Hakuitwa. Ausi, dereva wa lori la mizigo lililokuwa likienda na kurudi baina ya miji hiyo miwili, ndiye aliyekuwa akibeba salamu zote. Kila liliposimama Nachingwea, Anselmo alikuwa wa kwanza kufika.

"Sina ujumbe wako, fundi."

"Hata wa steshenari?"

"Steshenari inaimba na kuchapa kwa pamoja. Mikono yako si mchezo!" Ausi alimsifu kwa moyo wote. Anselmo alikuwa hajawahi kuumizwa na sifa namna ile.

Haiwezekani, alijiambia. Namba saba na namba saba hazipatani, hilo halina mjadala. Labda ameletwa fundi mwingine. Wivu ukampanda hadi akaunguza redio ya mteja. Na lori liliporudi tena, Ausi akaongeza, bila kujua anachoma mtu, kwamba kuna watu wametoka kijiji cha Likunja na posa kwa ajili ya Getruda, na jibu linangojwa.

Anselmo akapanda lori lile lile, bisibisi mkononi, juu ya magunia ya mahindi. Njia nzima alitafuta shughuli ya kuitaja na hakuipata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi," alijibu Mama Albina, akamsindikiza kwa macho mpaka alipoingia dukani.

Getruda alikuwa akichapa, kwaya ikiimba vizuri tu. Alipomwona alinuna.

"Nani amekuita? Mashine nzima."

"Naangalia tu mara moja."

Akafungua. Jampa ilikuwa kwenye tano. Akamulika tochi tena. Tano.

"Getruda, nani amekuja kufungua hapa?"

"Hakuna aliyekuja."

"Hii imehamishwa."

Getruda akalipuka. "Nimeihamisha mimi! Asubuhi yake tu baada ya wewe kuondoka, kabla sijawasha jenereta. Si ulisema ukihamisha ni vurugu? Nikahamisha. Nikakaa hapa nangoja iharibike nikutumie salamu, na lenyewe hili likazidi kuwa zima! Kila siku linaimba tu, linaimba tu, na wewe huji!" Machozi yalikuwa karibu.

Anselmo alianza kucheka, akaketi sakafuni. Getruda akashika rula ya chuma.

"Usinipige," alisema Anselmo. "Niliiharibu mimi kwanza. Ulipokwenda kuchukua chai. Wewe umeitengeneza."

Getruda akaishusha rula polepole. Furaha ilimjaa Anselmo kifuani mpaka akakosa pa kuiweka. Nje, kule barazani, sauti ya mbaazi kuanguka kwenye ungo ilikuwa imekoma.

"Fundi!" aliita Mama Albina. "Leo imeharibika nini?"

Anselmo akatoka hadi mlangoni. Vumbi angeweza kulisema. Kipanya pia. Akamtazama Getruda, aliyekuwa ameacha kuchapa.

"Haijaharibika kitu, mama."

"Sasa umefuata nini?"

Watu wawili waliokuwa wakipita na baiskeli walipunguza mwendo.

"Nimemfuata Getruda."

Mama Albina aliweka ungo chini, akajipangusa mikono kwenye khanga bila haraka.

"Watu wa Likunja wamechoka kungoja jibu," alisema. "Kila nikimuuliza mwenzio, ananiambia nisubiri kwanza mashine iharibike. Nikajiuliza, mashine na posa wapi na wapi?" Akasogea, akaacha nafasi kwenye mkeka. "Njoo ukae. Na hiyo bisibisi iache huko huko dukani."