Kuku Juu ya Tuta la Karsono

Sarinten alioga kwanza. Alifunga nywele zikiwa bado zimelowa, akamwaga pumba za mpunga kwenye mkeka nyuma ya jiko, akazinyunyizia maji ya sukari guru mpaka zikawa zinashikana akizifumbata na kuachiana akizigusa kwa kidole. Kisha akasaga vidonge vyeupe vya hamira kati ya viganja na kuutawanya unga wake juu ya pumba. Mtungi ulikuwa wazi kando yake, umetandikwa majani ya mgomba.

Mumewe, Karsono, aliyefariki kabla ya mvua, ndiye aliyemfundisha kuwalisha kuku pumba zilizochachuka. Kuku wa pumba kavu, alikuwa akisema, hula nusu na kutawanya nusu. Wa chachu hula zote, banda halinuki, na kiini cha yai kinakuwa na rangi ya machweo. Alimfundisha pia jambo ambalo kila mtu kijijini kwao, katikati ya Java, analijua: chachu ina masikio. Mbele ya mtungi ulio wazi hakuna kugombana. Pumba zikisikia ugomvi huwa nyeusi, na kuku huzikimbia.

Darmaji, mdogo wake Karsono, alilelewa nyumba hiyohiyo na alilijua hilo vizuri. Alikuja asubuhi hiyo akiwa na Pak Lurah, mkuu wa kijiji.

"Shemeji, usiinuke," alisema, akichuchumaa karibu na mtungi. "Endelea tu na kazi yako. Tuna neno dogo."

Neno dogo lilikuwa tuta. Jaruba la marehemu na jaruba la Darmaji yalitenganishwa na tuta ambalo Karsono alilijenga kwa jembe lake, kutoka mti wa melinjo hadi mferejini, na mdomo wa mfereji ulikuwa upande wa marehemu. Juma lile Darmaji alilifukua lote, akajenga jingine ndani ya jaruba la marehemu. Sasa mdomo wa mfereji ulikuwa upande wa Darmaji, na maji ya Sarinten yangemfikia akipenda yeye.

"Mpaka ni hapo nilipoweka tuta mimi, tangu enzi za baba," alisema Darmaji, kiganja chake kikiwa juu ya ukingo wa mtungi. "Kaka nilimwazima tu kile kipande. Si ndivyo, shemeji?"

Sarinten alikuwa na majibu, na yalikuwa mengi. Aliutazama mtungi, akaendelea kuchanganya.

"Umeona? Hapingi," Darmaji alimwambia Pak Lurah.

"Mwenzio yuko kwenye chachu."

"Mdomo si anao? Kama anapinga, apinge."

Wakasubiri. Pumba zilishuka mtungini, konzi baada ya konzi. Pak Lurah alipiga chafya kwa vumbi la hamira, akasema basi, aliyenyamaza mbele ya mkuu wa kijiji amekubali.

Alasiri, mtungi ukiwa umekwisha kufungwa, Sarinten alimfuata Pak Lurah nyumbani kwake, akasema yote. Pak Lurah alimsikiliza mpaka mwisho na kumpa chai.

"Ungesema asubuhi, dada."

"Asubuhi mtungi ulikuwa wazi."

"Najua. Marehemu mama yangu angekuchapa kama ungefungua mdomo. Lakini ndiyo hivyo, neno limeshapita."

Siku za mtungi zilipotimia, Sarinten aliufungua. Pumba hazikuwa nyeusi. Zilikuwa na joto kidogo, kama mkate uliotoka jikoni, na zilinukia tope na sigara ya karafuu. Ndivyo Karsono alivyokuwa akinukia akirudi kutoka shambani.

Ginah, jirani yake, alichungulia juu ya ua. "Wee Sarinten! Marehemu kaja kunywa kahawa?"

"Ni chakula cha kuku."

"Basi chakula chako kinavuta sigara."

Kuku walikula zote wakaukwangua ubao wa kulishia. Kulipokucha walitoka langoni mmoja nyuma ya mwingine, koo mwenye madoadoa akitangulia, wakapita mbele ya nyumba ya Ginah, wakashuka majarubani. Darmaji alikuwa amejaza maji kile kipande, tayari kwa kupandikiza miche. Kuku walikanyaga juu ya maji, nayo yakawabeba. Wakajipanga kutoka mti wa melinjo mpaka mferejini, palepale tuta lilipokuwa, wakasimama. Katikati Karsono alilikunja tuta ili kulipisha jiwe aliloshindwa kuling'oa. Jiwe lilipasuliwa zamani likawa msingi wa nyumba ya mtu, lakini kona ilibaki. Jogoo mweupe alisimama kwenye kona.

Watu walikuja na vikombe vyao vya kahawa. Mmoja aliuliza kama watataga hukohuko au watarudi bandani.

"Hata kona ya mzee hawakuisahau," alisema Ginah.

Pak Lurah alifika, suruali imekunjwa magotini. Aliufuata mstari kwa macho, mwanzo hadi mwisho. "Tuta lilikuwa hapo," alisema. "Nililipita nikienda kuoa."

"Si umrudishie mwenyewe, basi!"

"Kuku hawana muhuri, Ginah. Na mwenyewe alinyamaza, nikiwapo."

Darmaji alirusha bonge la udongo. Lilitumbukia kati ya koo wawili na kuwarushia maji. Walijikung'uta, wakabaki walipo.

"Umewakosa wote!" alicheka Ginah. "Na walivyojipanga hivyo!"

"Shemeji, waite kuku wako."

"Kur, kur, kur," aliita Sarinten, kwa adabu zote. Kuku waligeuza vichwa, wakamtazama, wakavirudisha mbele. "Wamesikia," alisema. "Wako kazini."

"Basi wape pumba kavu kama watu wengine!"

"Kavu wanatawanya, mdogo wangu Darmaji. Kaka yako hakupenda hasara."

Jua lilipokuwa utosini walirudi kwa mstari uleule, miguu mikavu, wakataga.

Darmaji alipanda mpunga wake. Kipande kimebaki chake, na mdomo wa mfereji pia. Akikumbuka hufungua maji, akisahau Sarinten hungoja, na msimu ule mpunga wa Sarinten ulitoka mfupi na mwembamba, ukamtosha yeye na kuku. Hakwenda tena kwa Pak Lurah. Kila mtungi unapokaribia kwisha huoga, humwaga pumba mpya mkekani, na kutia ndani yake konzi moja ya zile za zamani, kama alivyofundishwa, ili chachu isianze upya. Hufanya hivyo bila neno, na bila wasiwasi.

Kuku hushuka kila alfajiri. Miche ya Darmaji ikishafika vifuani mwao, asiyewajua angedhani wamekaa juu ya majani. Darmaji akitaka kupita na jembe lake hufika kwenye mstari wao, huinama, mkono wa kulia ukitangulia chini, kama mtu anayepita mbele ya wazee waliokaa. "Naomba njia," husema, na jogoo humpisha. Akishavuka hunyooka, na kuendelea kulima.